Uso wa Mama Kwenye Bango

Kwenye simulizi ya wiki iliyopita mliniacha nje ya geti la kaka yangu, mvua inanipiga, Mama ananitazama kupitia dirisha la jikoni, mikono yake imejaa povu la vyombo. Kosa langu? Nilimwambia wifi usoni kwamba mama yetu hakuja mjini kuwa mtumishi wa ndani. Kaka akanitoa nje kwa mkono wake mwenyewe.

"Usikanyage tena hapa," akasema. Geti likafungwa.

Mume alikuwa ameshaniacha. Kiwanda cha nguo kilikuwa kimefungwa, unga wangu ukamwagika pamoja na wa wenzangu wote. Sasa na nyumba ya ndugu yangu wa tumbo moja nayo ikawa marufuku.

Nilipiga simu ya Mama. Akapokea wifi.

"Amelala."

Nikapiga mchana. Amelala. Nikapiga jioni. Amelala. Baadaye simu ikawa haiiti kabisa.

Ndipo nikaenda kujitolea kwenye jiko la chakula cha bure, lile la nyuma ya soko. Watu hudhani anayejitolea ni mtu aliyeshiba, anatafuta thawabu. Mimi nilikwenda kumenya viazi kwa sababu chumbani kwangu kulikuwa na ukimya mwingi na sufuria tupu. Pale nilipata kelele za watu, na mwisho wa zamu nilipata sahani yangu. Wakanipa na jina: Upawa. Nikishaushika ule upawa mkubwa wa kupakulia, hakuna wa kuninyang'anya.

Leo nawasimulia siku ya mabango.

Asubuhi ile tulikuwa na gunia la vitunguu, mimi na mpishi mkuu. Ni mwanajeshi mstaafu, tunamwita Afande, na vitunguu navyo anaviamrisha.

"Upawa! Hivyo vilivyooza vitoe kwenye gwaride!"

Nikacheka. Nakikumbuka vizuri kicheko kile maana sijapata kingine tangu hapo.

Akaingia mratibu. Huyu ndiye anayezunguka maofisini kutuombea mchele na mafuta. Mwanamke mwema, simu mbili mkononi, kukaa kitini hajui. Kwapani alikuwa na karatasi kubwa zimeviringishwa.

"Jamani, njooni muone! Yamebandikwa mji mzima tangu juzi. Wafadhili wanapiga simu mpaka chaji inaisha. Wengine wanalia!"

Akakunjua bango moja juu ya meza ya kukatia mboga. Afande akaweka kitunguu kila upande lisijikunje.

Nikaona sahani kwanza. Nusu sahani ya wali. Halafu vidole vilivyoishika, na kimoja kimepinda kwenye kiungo. Nilikijua kidole kile kabla sijaujua uso. Kilibanwa na mlango wa basi nilipokuwa darasa la pili, mwenyewe akinivuta nisianguke.

Nikapandisha macho. Mama yangu.

Chini yake, kwa maandishi mekundu: HANA MTU. KUWA MTU WAKE.

"Uso huo!" mratibu akasema. "Mpiga picha anasema hajawahi kupata uso kama huo."

"Huyu ni mama yangu," nikasema.

"Ndivyo kila mtu anavyojisikia akiutazama. Ndiyo nguvu yake."

"Mratibu. Huyu ni mama yangu. Amenizaa."

Afande akaondoa vitunguu vyake taratibu. Bango likajiviringisha lenyewe, Mama akapotea ndani.

Mratibu akavuta kiti. Siku hiyo akakaa.

"Upawa, naapa, alisema hana mtu. Mpiga picha alimuuliza, akajibu mwenyewe. Na tulimwomba ruhusa, akakubali."

"Alisema kwa mdomo wake? Hana mtu?"

"Kwa mdomo wake."

Jamani, mtu akikuzaba kofi unajua pa kushika. Mimi pale sikujua nishike wapi. Nilifukuzwa, nilinyimwa simu yake, lakini usiku nilikuwa nalala nikijua kuna mtu mmoja duniani anayenihesabu kuwa wake. Kumbe ananikana mbele ya kamera.

"Picha ilipigwa wapi?"

"Jiko letu la pili, kule kwenye karakana ya treni. Ni mtu wa siku zote pale."

Sikungoja. Sikuvua hata aproni.

Njia nzima Mama alikuwa mbele yangu. Siku zote chumbani mpaka jikoni napitia vichochoroni, barabara kubwa sikuwa nimeikanyaga. Ukutani mwa duka la dawa, Mama. Kwenye nguzo ya kituo, Mama. Karibu na fundi viatu mtu alikuwa amembandika tangazo la vyumba vya kupanga juu ya kidevu. Nikalibandua kwa kucha, fundi akinishangaa.

"Unamjua?" akaniuliza.

Nikashika njia.

Kwenye jiko la pili foleni ilikuwa imekunja kona. Aliyekuwa akipakua ni nesi mstaafu, mfupi, miwani imejaa mvuke. Alipoiona aproni yangu akashukuru Mungu kwa sauti.

"Umeletwa kusaidia? Afadhali. Shika hapa, wenzangu wanaumwa."

"Nimekuja kumuulizia mtu."

"Uliza huku unapakua. Tumbo la mtu haliwezi kungoja maneno."

Nikashika. Wali, maharage, sahani. Wali, maharage, sahani.

"Yule bibi wa kwenye bango," nikasema.

"Bibi Nusu! Kila siku, 'Nipe nusu, mwanangu.' Ukimjazia, anamgawia wa nyuma yake."

"Hiyo kweli," akadakia mzee mmoja wa magongo aliyekuwa amefika dirishani. "Mimi alinigawia mara nyingi."

"Anakuja kwa njaa?" nikauliza. Nilitaka aseme hapana. Nilitaka aseme ni upweke tu, au ni kupiga soga.

Nesi akafuta miwani. "Kazi yangu maisha yote ilikuwa kutazama miili ya watu. Nilimkunja mkono wa gauni nimpime presha, nikauona mkono wenyewe. Njaa ilikuwepo, usijidanganye. Ila njaa siyo iliyomleta huku. Unaliona lile benchi? Anakaa pale, anatazama dirisha hili, anakagua nyuso zetu sisi tunaopakua. Mmoja, mmoja. Siku moja nikamtania: mama, nani kakuibia kuku hapa? Akaniambia anamtafuta binti yake."

Upawa ukagonga ukingo wa sufuria.

"Alisikia kwa muuza mboga anayepita mtaani kwao. 'Binti yako anapakua chakula cha bure mjini.' Muuza mboga akamwelekeza huku. Kila siku bibi anasema, leo labda ndiyo zamu yake."

"Mbona hamkumwambia lipo jiko lingine?"

"Nilipiga simu huko nyuma ya soko mimi mwenyewe. Nikataja jina la binti kama alivyolitaja. Akapokea mwanaume mmoja, sauti ya kuamrisha watu. Akasema mtu wa jina hilo hawana."

Afande. Na hakusema uongo, masikini. Jina langu la nyumbani hakuwahi kulisikia. Kwake yeye mimi ni Upawa.

"Dada," mzee wa magongo akasema kwa upole, "maharage yanamwagika."

Nilikuwa nimemmiminia mpaka mkononi.

"Lakini alimwambia mpiga picha hana mtu," nikasema.

Nesi akageuka akanitazama sawasawa kwa mara ya kwanza. Nadhani ndipo alipouona uso wa Mama kwenye uso wangu.

"Nilikuwa nimesimama hapa hapa," akasema polepole. "Yule kijana alimuuliza, bibi, una watu? Akajibu, 'Sina mtu wa kunionyesha alipo mwanangu.' Kijana akachukua maneno mawili ya mwanzo. Nikamwambia, hakuishia hapo. Akasema inatosha, bango halina nafasi."

Wasomaji wangu, nililia mbele ya foleni. Nikawa nalia na kupakua, nalia na kupakua, na hakuna aliyenisemesha. Wenye njaa wana adabu yao. Kila mmoja alipokea sahani yake akainamisha macho.

"Mara ya mwisho alikuja lini?" nikauliza nilipoweza.

"Ijumaa. Tangu mabango yabandikwe hatujamwona."

Simu ikaita kwenye mfuko wa aproni. Kaka. Tangu anitoe nje hakuwahi kunipigia.

"Umefurahi sasa?" akaanza, hata salamu hakuna. "Umenivua nguo mbele ya mji mzima! Bosi ameniita asubuhi hii. Bango liko mkabala na mlango wa kampuni! Mimi nawauzia watu bima ya maisha, na mama yangu yuko ukutani anaomba wali!"

"Kaka, sikujua. Nimeliona leo."

"Hukujua! Si ndio watu wako hao? Sikiliza. Namtaka Mama nyumbani leo hii."

"Hata mimi namtaka. Nipe niongee naye."

Hasira ikamtoka sautini.

"Uongee naye vipi?" akasema. "Si yuko kwako?"

"Mama hayuko kwangu."

"Acha utani. Wifi yako amesema alichukua mzigo wake juzi, akaja kwako."

"Kaka, Mama hajui ninakokaa."

Nesi akaunyoosha mkono, akautoa upawa kwenye vidole vyangu kimoja baada ya kingine.

Geti lilelile alinifungulia Kaka mwenyewe, tai imelegea. Hatukusalimiana. Ndani wifi alikuwa kwenye sofa, macho mekundu, mtoto wao mdogo wa kike anatazama katuni.

"Nionyeshe chumba chake," nikasema.

Ilikuwa stoo. Godoro jembamba kati ya pipa la maji na viti vilivyovunjika. Shuka limekunjwa vizuri, kingo kwa kingo, kama alivyotufundisha. Ndala zake za ndani ziko pale. Kanga, hakuna. Mkoba, hakuna.

Nikarudi kupitia jikoni. Mlango wa jikoni ulikuwa na kufuli, upande wa nje.

"Kufuli hili la nini?"

"La watoto," wifi akajibu haraka. "Wanaramba sukari."

Mtoto hakuondoa macho kwenye katuni. "Siyo la sisi. Ni la Bibi."

Kaka akageuka. "Anasema nini huyu?"

"Mtoto huyo, atajua nini?"

"Nimekuuliza anasema nini!"

Wifi akainuka. Nilitegemea atakana. Akalipuka.

"Ndiyo, nilifunga! Unatoka asubuhi unarudi watoto wamelala, nani alikuwa naye? Si mimi? Anawasha jiko anasahau, karibu atuunguze humu ndani! Nikakuambia, ukaniambia nimalizane naye. Nikamalizana naye! Nampa chakula, anawapa wapita njia dirishani. Nikafunga. Mnadhani mimi ni chuma?"

"Akawa anakula nini mchana?" Kaka akauliza. Sauti ilikuwa ndogo sana kwa mwili wake.

Wifi akalitazama kufuli.

"Na juzi?" nikasema mimi. "Juzi ulimwambia nini?"

Akajifuta pua kwa kiganja. "Jirani alikuja na picha ya bango kwenye simu yake. Ananicheka mlangoni kwangu. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia Mama, kama huna mtu humu, nenda kwa huyo anayelisha mji."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza ni njia gani." Hapo na yeye akalia. "Nikamwonyesha geti."

Kaka aliteremka taratibu mpaka akakaa sakafuni na suruali yake ya kazini. Muda mrefu nilikuwa nimeota kumwona hivyo, amekwisha. Sasa nilimwona, na sikupata ladha yoyote. Nilimwona yule kaka aliyenibeba begani siku ya kwanza ya shule. Nikakaa chini pembeni yake. Tukaanza kupiga simu, yeye hospitali, mimi polisi.

Punde akapiga Afande.

"Upawa." Hakuwa anaamrisha. "Nesi wa karakana amenipigia, kanieleza yote. Siku ile alinitajia jina lako, nikamwambia hatuna. Mimi ndiye niliyesema hatuna."

"Hukujua, Afande."

"Chakula kimeshagawiwa. Sasa tunatoka sisi. Jikoni hakubaki mtu."

Wakatoka kweli. Wamenya viazi, waosha sufuria, mratibu na simu zake mbili, nesi na watu wake wa karakana, hata mzee wa magongo. Wakaandika namba yangu kwenye vipande vya karatasi: ANATAFUTWA NA BINTI YAKE. Wakawa wanavibandika chini ya kila bango, wakifunika yale maneno mekundu.

Simu zikaanza kuingia. Mmoja alimwona Jumamosi jioni nje ya duka la mikate. Mwingine alimpa maji. Mwingine alitaka tu kuniombea. Mwingine akanitukana: binti gani wewe. Nikamsikiliza mpaka akamaliza.

Jua lilikuwa linaanza kulegea ilipoingia namba nisiyoijua. Kijana wa kiume, nyuma yake ngurumo ya injini.

"Dada, habari. Namba yako nimeiona stendi, chini ya picha. Nimepanda basi la mkoani, na huyu bibi amekaa kiti cha pili kutoka kwangu. Nimpe simu?"

"Mpe! Tafadhali, mpe!"

Kaka akasogea mpaka bega lake likagusa langu. Tukasikia mikwaruzo ya simu, mtu akifundishwa upande wa kusikilizia.

"Haloo."

"Mama. Ni mimi."

Akaniita kwa jina lile la nyumbani. Halafu akaniuliza swali lake la siku zote.

"Umekula?"

Nikabana mdomo wangu kwa mkono. "Nimekula, Mama. Uko wapi?"

"Nilikutafuta, mwanangu. Nilikaa pale wanakogawa, nikakukosa."

"Najua, Mama. Nimejua leo. Shuka kwenye hilo basi, ukae hapo hapo, nakuja."

"Unakuja kutoka wapi? Wewe uko wapi?"

Ningeweza kudanganya. Sikuwa na akili ya kudanganya. Nyuma yangu katuni zilikuwa zinacheka, na mtoto akamwita mama yake kwa sauti.

"Niko kwa Kaka."

Injini ikanguruma.

"Kumbe mmepatana," akasema.

"Hapana, Mama, siyo hivyo, sikiliza..."

"Ni vizuri. Ndugu wapatane. Lakini mimi huko sirudi. Usinirudishe kule, mwanangu."

"Sikurudishi! Utakaa na mimi, chumbani kwangu, tutabanana..."

Kaka akanipokonya simu. "Mama! Mama, nisamehe, ni mimi..."

Ikakatika.

Nikapiga. Haipokelewi. Nikapiga tena. Haipokelewi. Kaka amepiga magoti, wifi amesimama mlangoni na kiganja mdomoni. Nikapiga mpaka yule kijana akapokea.

"Dada, pole. Ameshuka."

"Kituo gani?"

"Siyo kituo, ni njia panda tu. Alinirudishia simu akaomba dereva asimame. Mimi mgeni wa njia hii, hata pa kutaja sipajui. Basi limeshaondoka."

"Umemwacha barabarani peke yake? Mtu mzima yule?"

"Hapana, dada, usiogope. Hakushuka peke yake. Kuna mwanaume aliyekaa naye tangu stendi, ndiye aliyemkatia tiketi. Amemshika mkono vizuri, kabeba mkoba, anamwita mama. Mimi nilidhani ndiye kaka yako."

Nikamtazama Kaka. Alikuwa palepale sakafuni, ananitazama mdomo.

"Kaka yangu yuko hapa," nikasema.

Kijana akashusha sauti.

"Basi," akasema, "huyo aliyeshuka naye simjui ni nani."